Ndege za Mwanza: Filamu kama Hati ya Historia

Kutambua aina za ndege kuukuu zinazoonekana katika filamu huhesabiwa na wengi kuwa burudani ya wapenzi wa ndege. Katika eneo la Maziwa Makuu, hata hivyo, kazi hiyo inagusa historia ya vita. Mfano ulio wazi ni Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Inaonyesha ndege za mizigo zikitua Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, ili kuchukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya. Swali linaloiongoza ni moja: zinapokuja, ndege hizo hubeba nini?

Ndege kubwa inayoonekana humo ni Ilyushin Il-76. Dalili zake ni mabawa yaliyopachikwa juu ya kiwiliwili, injini 4, mkia wenye umbo la T, na pua yenye vioo anapokaa mwongoza njia. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1971, nayo iliundwa ibebe tani 40 na kutua hata penye ardhi isiyo na lami. Ndiyo sababu ina magurudumu 20. Mlango wake wa nyuma huteremka hadi chini, hata gari zito likaweza kuingia. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, nyingi ziliangukia mikononi mwa makampuni ya kukodisha.

Dalili nyingine ni herufi za usajili: 5H ni Tanzania, 9Q ni Kongo, RA ni Urusi, UR ni Ukraine. Lakini herufi hubadilika ndege inapohamishiwa nchi nyingine. Basi umbo hutaja kiwanda, herufi hutaja nchi ya usajili, na shehena haitajwi na chochote kati ya hivyo viwili.

Hapo ndipo filamu inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka Angola shehena kubwa mfano wa vifaru, kisha akachukua zabibu Johannesburg kwa ajili ya Ulaya. Ushahidi huo ni mzito, ila unahusu Angola. Kamera haionyeshi silaha zikishushwa Mwanza. Mwaka 2006 filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akailaumu kwa kuharibu jina la nchi.

Historia ya Kivu inaongeza onyo jingine. Tarehe 4 Agosti 1998, siku mbili baada ya vita vya pili kuanza, ndege za kiraia zilizotekwa Goma zilisafirisha askari hadi Kitona, upande wa pili wa nchi, karibu na Bahari ya Atlantiki. Ndege za kiraia zilibeba vita. Kinyume chake, Il-76 iliyoanguka ziwani tarehe 23 Machi 2005, mara tu baada ya kuruka kutoka Mwanza, ilikuwa imebeba samaki; wahudumu wake wote 8 walifariki.

Kwa familia za Cimpunda, katika komini ya Kadutu mjini Bukavu, zilizopitia vita vya 1996 na 1998, kujua silaha zilifika kwa njia gani ni sehemu ya kudai haki. Jibu litatafutwa katika hati za shehena, katika madaftari ya minara ya kuongozea ndege, na katika kumbukumbu za wapakuzi waliofungua milango ile ya nyuma. Filamu humwonyesha mtafiti ndege ipi aifuatilie. Kilichokuwa ndani yake lazima kithibitishwe kwingine, kabla mashahidi hao hawajaondoka duniani.