Lugha Iliyoruka Kizazi

Aprili 1982, huko Wainuiomata, karibu na Wellington, mji mkuu wa Nyuzilandi, Wamaori walifungua kituo cha kulelea watoto wadogo chenye sharti moja kubwa: ndani yake kisemwe Kimaori tu. Vituo vya aina hiyo viliitwa kohanga reo, yaani kiota cha lugha.

Sharti hilo lilikuwa na historia ndefu. Sheria ya mwaka 1867 ilitaka shule za Wamaori zifundishe kwa Kiingereza, na baadaye watoto wengi walichapwa kwa kusema lugha ya kwao. Sir James Henare, mzee aliyeheshimika sana, alilieleza Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, jinsi alivyotumwa msituni akiwa mwanafunzi akakate ufito, kisha akachapwa nao kwa kosa hilo. Wengi waliokua hivyo hawakutaka wana wao wayapate yaliyowapata, wakawalea kwa Kiingereza. Utafiti wa Richard Benton katika miaka ya 1970 ulikuta wanaokimudu Kimaori wakiwa takriban 70,000, wengi wao wenye umri mkubwa.

Bibi alikuwa nacho, mjukuu angeweza kukipokea, lakini wazazi waliokuwa katikati hawakuwa na cha kumpa. Kiota kililiruka pengo hilo. Wazee, wengine bila cheti chochote cha ualimu, walikaa na watoto tangu wakiwa wachanga. Hapakuwa na kipindi cha lugha. Kimaori kilikuwa kwenye kubadilisha nepi, kulisha, kubembeleza na kukanya. Kiingereza hakikuhitaji msaada, kwani kilikuwa dukani, kwenye televisheni na hata sebuleni.

Mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1985 ilifunguliwa shule ya msingi ya Kimaori jijini Auckland ili watoto wa viotani wapate pa kuendelea. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Kufikia 1993 viota vilikuwa na watoto zaidi ya 14,000.

Kisha idadi ikaanza kushuka. Tangu 1990 viota vilikuwa chini ya Wizara ya Elimu, vikipimwa kwa vigezo vya vituo vya kawaida vya malezi. Katika vigezo hivyo, bibi anayejua methali za ukoo wake hakuwa na thamani ya kijana mwenye diploma. Mwaka 2012 Baraza la Waitangi lilisema serikali haikuilinda harakati hiyo ipasavyo.

Hata hivyo, serikali peke yake isingetosha. Ndiyo maana wazazi wa viotani walitakiwa kujifunza pamoja na watoto wao. Mtoto wa miaka mitatu anayerudi nyumbani jioni na Kimaori chake anahitaji mtu wa kumjibu.