Kuatika

Vitabu vya kilimo huandika “kupandikiza miche”. Neno zuri, ila limebeba mengi: hata Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipomwekea mgonjwa figo ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza, mwaka 2017, tuliambiwa figo imepandikizwa. Mimi napenda zaidi kuatika, neno la mabonde ya mpunga ya Pemba. Halijatoka shambani: ni kuutoa mche kitaluni na kuutia unapokwenda kukulia. Natamani mabwana shamba waliandike kwenye vipeperushi vyao, maana tungule na bilingani nazo huatikwa.

Mche ukinyofolewa, vinyweleo vya mizizi, vile hasa vinavyonyonya maji, hukatika. Majani nayo yanaendelea kupoteza maji juani. Ndiyo sababu mche hunyong'onyea hata udongo ukiwa umelowa. Wakulima husema haujashika. Kushika! Lugha imeona kilicho chini ya ardhi: mizizi mipya ikiukamata udongo.

Ili ushike upesi, wiki moja kabla ya kuatika punguza maji na kivuli kidogo kidogo, mche ukomae. Siku yenyewe lowesha kitalu kwanza, mche utoke na bonge lake la udongo. Ushike kwa jani, si kwa shina. Jani huota jingine, shina likipondeka mche umekwenda. Atika alasiri, jua limepoa, utie maji pale pale, kisha uukinge kwa kuti siku mbili tatu.