Bagamoyo Siyo Bichi Tu: Waliotembea Mpaka Kwenye Mnara

Wikiendi ikifika vijana wa Dar wanajazana kwenye gari, kilomita kama 70 tu, hao Bagamoyo! Bichi, pweza, picha za kutupia Insta, jioni wanageuza. Poa kabisa. Ila pale kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni, wengi wanapiga selfi na kusepa.

Sasa sikia. Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wangeweza kumzika hapohapo, kila mtu akashika njia yake. Wapi! Walizika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kama mzigo na kuubeba kwa mguu zaidi ya kilomita 1,500. Njiani kuna waliougua, kuna waliofia hukohuko. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, mwili ukalazwa mnarani kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Aprili ukazikwa kwa heshima zote Westminster Abbey, London. Kati ya wale waliotembea miezi yote ile, ni mmoja tu aliyekuwepo mazishini. Wengine? Wengi walipewa ujira wao na kuagwa.

Mpaka leo mnara unaitwa wa Livingstone. Waliombeba hawajulikani sana mtaani.

Kwa hiyo wikiendi hii ukifika pale, piga picha yako, hamna shida. Ila mpe mshkaji wako stori ya wabebaji kwanza.