Pumzi Ndiyo Ilikuwa Inaharibu Picha

Wasee, stori ya PET/CT huwa tunaisikia nusu. Tunaambiwa David Townsend na Ronald Nutt waliunganisha mashine mbili, ya kwanza ikaanza kazi Pittsburgh, Marekani, mwaka wa 1998, mambo yakaisha. Zii. Hayakuisha.

CT inaonyesha umbo: mifupa, mapafu, ini. PET inafuata sukari yenye mnururisho uliyodungwa, na saratani nyingi huila kwa pupa. Zamani ulipigwa picha kwa mashine mbili tofauti, daktari akahangaika kuzilinganisha. Kuziunganisha kulisaidia sana.

Lakini hebu fikiria: CT inamaliza kifua kwa sekunde chache. PET inachukua dakika kadhaa, na wewe unaendelea kupumua. CT ikikupata umevuta pumzi, ini limeshuka. PET inachanganya pumzi zako zote. Ukizilaza pamoja, uvimbe ulio juu ya ini unaweza kuonekana uko kwenye mapafu. Hapo si picha mbaya tu, ni matibabu ya mtu.

Walirekebisha vipi? Kwanza, mgonjwa apumue polepole tu wakati wa CT. Halafu wakaweka vifaa vya kufuatilia kifua kikipanda na kushuka, kompyuta ikapanga data ya PET kwa kila hatua ya pumzi.

Mimi naona tunasifu waliounganisha mashine na kusahau waliohangaika na pumzi. Siku mamangu akilala pale ndani, nitawashukuru wote wawili, lakini hao wa pili zaidi.