Je, "Machozi, Jasho na Damu" Inastahili Sifa Zake? Mtazamo kutoka Bukavu

Utangulizi

Katika historia fupi ya muziki wa kufokafoka kwa Kiswahili, kazi zinazotajwa kwa heshima hata na wasiousikiliza muziki huo ni chache. Mojawapo ni albamu ya Machozi, Jasho na Damu, iliyotolewa mwaka 2001 na Mtanzania Joseph Haule, ajulikanaye kisanii kama Professor Jay. Albamu hiyo hupewa sifa mbili kuu. Ya kwanza ni kwamba ndiyo iliyoufungulia muziki wa kufokafoka njia ya kuzungumzia mambo mazito ya jamii. Ya pili ni kwamba iliwasemea wanyonge mbele ya wanasiasa.

Makala haya yanakusudia kuzipima sifa hizo, na kuzipima kutoka Bukavu. Kazi inayosifiwa kuwa johari ya Kiswahili haina budi kusikilizwa pia mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko, kanisa na nyumba, lakini ambapo magazeti na redio za Dar es Salaam hazikuwahi kuielekeza hadhira imsifu nani. Hoja yetu ni kwamba sifa ya kwanza imetiwa chumvi, na ya pili ni ya kweli ila imeelezwa vibaya. Thamani ya albamu haimo katika jinsi ilivyomsuta mwanasiasa, bali katika jinsi ilivyoufanya umati kuwa mhusika.

Sifa ya uanzilishi

Haule hakukuta pori. Mnamo mwaka 1991 Saleh Jabir alijipatia jina kwa kutia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Joseph Mbilinyi, aitwaye Mr. II au Sugu, alitoa Ni Mimi mwaka 1995, na wimbo wake wa "Hali Halisi" wa mwaka 1998 ulikwisha kueleza dhiki ya mwananchi na dharau ya wenye mamlaka pasipo kuficha. Haule mwenyewe alikuwa katika kundi la Hard Blasters, lililotoa Funga Kazi mwaka 2000. Kwa hiyo kudai kwamba maudhui ya kijamii yalianza mwaka 2001 ni kuwadhulumu waliotangulia.

Aidha, mazingira yalikuwa yamekwisha kutayarishwa. Tanzania iliruhusu vyama vingi mwaka 1992 na ikafanya chaguzi za vyama vingi mwaka 1995 na mwaka 2000. Radio One, iliyo ya watu binafsi, ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na vituo vingine vikafuata. Msanii alikuwa na studio, alikuwa na redio, na alikuwa na wasikilizaji waliokwisha kuwaona wagombea jukwaani. Alichofanya Haule ni kuvuna shamba lililolimwa na wengi. Mvunaji hodari astahili pongezi, lakini si kwa kulima.

Umati kama mhusika

Tuutazame wimbo wa "Ndio Mzee", ambao ndio uti wa mgongo wa umaarufu wa albamu hiyo. Mgombea anahutubia mkutano wa kampeni. Anaahidi mambo yasiyowezekana, hata kwamba wanafunzi watafanyia majaribio yao ya sayansi mwezini, na kila mara anawauliza wasikilizaji kama wanakubali. Nao huitikia kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo.

Wahakiki wengi wameishia kwa mgombea: mwongo, mlafi wa kura, mpenda makuu. Tashtiti ya namna hiyo ni ya kale katika fasihi ya Kiswahili. Jambo jipya limo katika kiitikio. Katika fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba hadhira hushirikiana na fanani katika kuijenga kazi. Haule ameuchukua ushirikiano huo na kuugeuza kuwa kosa linalotazamwa. Kadiri ahadi zinavyozidi kuwa za ajabu, itikio halibadiliki. Msikilizaji anayekiimba kiitikio kwa furaha hujikuta amesimama miongoni mwa wanaodanganywa. Mgombea hawezi kuwa mgombea pasipo sauti hiyo.

Neno "Mzee" katika Kivu

Maneno hayo mawili yakivuka Ziwa Tanganyika na kupanda hadi Bukavu, hupata uzito mwingine. Katika Kongo ya mwaka 2001 "Mzee" halikuwa neno la heshima tu kwa baba au mkubwa wa kazi. Lilikuwa jina la Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyepata kuwa na maficho yake ya kivita katika milima ya Fizi, Kivu Kusini, akatwaa madaraka Mei 1997, na akapigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Mwaka uleule ambao Watanzania walicheka kwa "Ndio Mzee", Mzee wa Wakongo alizikwa, na Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD, walioutawala mji tangu Agosti 1998. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1993, ilikuwa imepata kufungwa na watawala hao mwaka 1999. Hapakuwa na mgombea wa kuchekwa, kwa kuwa hapakuwa na uchaguzi. Wakongo walisubiri hadi tarehe 30 Julai 2006 ndipo wakapiga kura ya rais katika uchaguzi wa vyama vingi.

Hata hivyo, umati unaoitikia haukuwa jambo geni Bukavu. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulianzisha kile kilichoitwa "animation politique": wanafunzi, watumishi na wafanyakazi walipangwa kuimba na kucheza wakimsifu Kiongozi na chama chake cha MPR. Watu wa makamo wa Kadutu, Ibanda na Bagira hawahitaji kufafanuliwa maana ya kupiga makofi kwa amri. Hivyo wimbo uliotungwa kwa ajili ya kampeni za Tanzania unaeleza, bila kukusudia, jambo ambalo Kivu ililijua kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo albamu inapoushinda umaarufu wake: imegusa tabia ya mamlaka ambayo haitegemei kuwapo kwa sanduku la kura.

Upungufu wake

Lakini mtihani wa Bukavu unafichua upungufu pia. Umati wa "Ndio Mzee" huitikia kwa sababu umelaghaiwa. Albamu inaijua "ndiyo" ya mjinga, haiijui "ndiyo" ya mwenye hofu. Chini ya Mobutu mtu aliweza kucheza kwa bidii pasipo kuamini hata neno moja, kwa kuwa asiyecheza alionekana. Kumcheka mtu huyo kama mpumbavu ni kumkosea.

Vilevile, albamu haiupi umati jibu la tatu, yaani kunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 2000 wakazi wa Bukavu walifunga maduka na shule kwa siku kadhaa kuupinga utawala wa RCD, desturi iitwayo "ville morte", mji mfu. Mwezi Februari Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alihamishwa kwa nguvu hadi Butembo. Aliruhusiwa kurudi Septemba, akafariki dunia Roma tarehe 4 Oktoba. Mji uliokataa kufungua milango yake ulikuwa umetoa jibu lisilo "ndiyo" wala "hapana" ya maneno. Jibu hilo halimo katika Machozi, Jasho na Damu, na haliwezi kuwamo, maana mtunzi aliandika mahali ambapo mkutano wa hadhara ulimhatarishia mtu akili yake, si uhai wake. Tofauti hiyo si ya kubuni. Tarehe 27 Februari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu, milipuko ilitokea katika mkutano wao wa hadhara katikati ya mji na watu kadhaa waliuawa.

Upungufu mwingine ni mdogo. Wimbo wa "Bongo Dar es Salaam", unaosifiwa kwa kueleza ujanja wa mjini, umefungwa mno na mji wake. Mkazi wa Bukavu huuelewa kwa kuulinganisha na "Ibara ya 15" ya Wakongo, ile sheria isiyoandikwa imwamuruyo kila mtu ajitafutie njia. Huuelewa, lakini kwa jitihada.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba albamu hii haikuanzisha ufokaji wa kijamii kwa Kiswahili, na kwamba sifa ya kumsuta mwanasiasa si kubwa kuliko ya watangulizi wake. Inastahili heshima kwa kumwelekezea msikilizaji kidole ilhali anaimba. Yaliyofuata yanalitia hoja hiyo nguvu: Mbilinyi alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Haule mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Waliowacheka wagombea wakawa wagombea, nao wakahitaji umati uwaitikie.

Wanafunzi wetu wa fasihi wangefanya vyema kuukusanya ufokaji wa vijana wa Kivu yenyewe, wenye viambishi vya "ba-" na maneno ya Kifaransa ndani yake, na kuuchunguza kwa swali hilihili: umati unaitikia nini, na kwa sababu gani? Yaelekea "ndiyo" ya mwenye hofu, ambayo Dar es Salaam haikuwa na haja ya kuitunga, itapatikana humo.