Umbo la Ferrari 250 GTO na Waliolisahauliwa

Tuonapo chombo kizuri huwa twamsifu mwenye jina lililobandikwa juu yake. Historia ya Ferrari 250 GTO yatuonya. Mwaka 1961 mhandisi Giotto Bizzarrini alikabidhiwa kazi ya kuunda gari la mashindano litakalopasua upepo kuliko yaliyotangulia. Injini ya silinda 12 aliishusha na kuisogeza nyuma. Ndipo boneti ikawa ndefu na ya chini, chumba cha dereva kikarudi nyuma, na mkia ukakatwa wima. Uwiano huo ulizaliwa na haja, si pambo.

Kabla ya mwaka kwisha, Bizzarrini na wakuu wenzake kadhaa waligongana na Enzo Ferrari, wakaachishwa kazi. Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26, na fundi wa bodi Sergio Scaglietti wakalikamilisha gari. Kanuni zilidai magari 100. Kati ya 1962 na 1964 yaliundwa 36 tu, yakaidhinishwa kama toleo la gari la awali.

Leo moja huuzwa kwa mamilioni ya dola. Jina ni la mwenye kiwanda. Umbo ni ushahidi wa waliofukuzwa. Katika taasisi zetu, nani husoma ushahidi wa namna hiyo?