Hereni ya Ng'ombe na Kumbukumbu ya Machakos

Kila ninapofundisha historia ya sera za mifugo, hutokea mwanafunzi, mara nyingi mtumishi wa serikali aliye masomoni, akauliza kwa nini wafugaji wetu wanaitilia shaka hereni ya kielektroniki. Kifaa chenyewe ni kidogo, husema. Kina namba ya pekee, kinaweza kumtambulisha ng'ombe aliyeibwa, kuonyesha chanjo alizopata na kumfungulia mwenyewe soko la nje. Yote hayo ni kweli. Lakini kampeni ya hereni ilipopamba moto hapa Tanzania mwaka 2022, malalamiko niliyoyasikia mimi hayakuwa ya bei peke yake. Nyuma ya bei palikuwa na swali la zamani: huyu anayehesabu ng'ombe wangu, anataka nini?

Swali hilo halikuzaliwa na ujinga. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kwamba ardhi ya Machakos inamomonyoka kwa sababu Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi. Ng'ombe wakahesabiwa, idadi ya kubaki ikapangwa, waliozidi wakauzwa kwa lazima na kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Mfugaji hakuhitaji shahada ili aone uhusiano wa mambo hayo mawili. Mwezi Julai maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kudai kuonana na Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, mauzo ya lazima yalisitishwa. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake, na sidhani kama wengi wanaoupita hukumbuka kwamba chanzo chake kilikuwa daftari la kuhesabia ng'ombe.

Hata hivyo, si kila kipimo humnyang'anya mfugaji. Miaka 48 kabla ya tukio hilo, mwaka 1890, mwanakemia Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitatua ugomvi uliokuwa ukiviua viwanda vya siagi na jibini. Maziwa yalilipiwa kwa uzito. Aliyetia maji au kuengua malai alilipwa sawa na mwaminifu, na kila mmoja alimshuku jirani yake. Babcock alichanganya maziwa na tindikali ya salfa, ambayo huyeyusha kila kitu isipokuwa mafuta, akaizungusha chupa kwa kasi, mafuta yakapanda kwenye shingo yake nyembamba iliyochorwa vipimo. Mkulima na mwenye kiwanda waliweza kusimama pamoja na kusoma mstari uleule. Naye hakuuwekea ugunduzi huo hataza. Aliuacha utumike na yeyote. (Nasi wanataaluma wa leo, tunaofungia tafiti zetu katika majarida ambayo hata wanafunzi wetu hawawezi kuyalipia, tuna la kujifunza hapo.)

Kati ya mifano hiyo miwili ndipo ninapoiweka teknolojia ya sasa. Roboti za kukamua zilianza kazi katika mashamba ya Uholanzi mwaka 1992. Ng'ombe huingia mwenyewe akifuata chakula. Mashine humtambua kwa kifaa alichovaa, husafisha chuchu, hukamua, kisha huandika kiasi cha maziwa na dalili za ugonjwa wa kiwele. Mfugaji amepumzika kuamka alfajiri, lakini maarifa yaliyokuwa mkononi mwake sasa yamo katika programu ya aliyemuuzia mashine. Wakulima wa Ulaya waliliona hilo. Mwaka 2018 vyama vyao na watengenezaji wa mitambo walikubaliana kanuni za maadili zinazomtambua mkulima kuwa mwenye kauli ya kwanza juu ya data za shamba lake. Kasoro yake ni kwamba kanuni hizo ni za hiari.

Sisi tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na sipingi kuwapo kwake. Wizi wa mifugo umemwaga damu ya kutosha, na magonjwa ya mlipuko hayasubiri tumalize mijadala. Ninachowaomba wanafunzi wangu walio wizarani na halmashauri ni hiki: mfugaji aweze kusoma rekodi ya ng'ombe wake kwa simu yake ya kawaida, kwa Kiswahili, bila malipo na bila kumbembeleza ofisa. Na iandikwe waziwazi ni nani mwingine anayeruhusiwa kuifungua, kwa sababu gani, ili mkusanya ushuru, mwenye benki au anayetaka kumhamisha mfugaji kutoka ardhi yake asiikute mezani kabla ya mwenye ng'ombe.